Namba Themanini na Tatu

"Themanini na tatu ni ya mashine ya Scolastica. Imeandikwa pale ukutani."

"Si ya mashine yake. Si ya mashine yoyote humu ndani."

"Sasa ya nani?"

"Ya boksi."

"Boksi ulisema ni themanini na mbili. Umesema jana, nimeandika."

"Boksi lina zote. Themanini na mbili, na tatu, na nne, na tano. Zote zimekaa kwenye waya mmoja."

"Mtu mmoja majina manne. Nikimkuta mtu wa hivyo stendi namweka ndani kwanza, maswali baadaye."

"Basi liweke ndani boksi. Scolastica mwachie."

Sajenti Maduhu alikuwa amesimama kwenye kilichokuwa bafu. Vigae vyeupe bado viko ukutani, bomba limezibwa kwa gunzi la mahindi na kitambaa. Chini ya bomba kuna meza, na juu ya meza kuna boksi lenyewe, kompyuta kuukuu isiyo na kioo wala chochote cha kupendeza, ina nyaya mbili tu. Mmoja unaingia ofisini. Mwingine unatoka dirishani unaenda kwenye lile dishi kubwa uani, ambalo watoto wa mtaa wa Makanyagio walikuwa wanakuja kuliangalia kama wanaangalia ndege. Fundi wa mitambo, Obadia, kijana mwembamba mwenye macho ya kukosa usingizi, alikuwa amekaa juu ya ndoo. Ndiye aliyebishana. Watu wengine Mpanda hawabishani na askari wa upelelezi asubuhi.

Kesi yenyewe ilikuwa hivi. Jumanne, shirika linalohudumia makazi ya wakimbizi lilikuwa na lori la dawa za malaria njiani, limefika Inyonga. Saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi makao makuu Dar yakapata barua kwa kompyuta kutoka Mpanda, imeandikwa kwa jina la stoo: lori lisije mpaka mjini, dawa akabidhiwe mtu atakayekuja na karatasi. Dar wakampigia dereva kwa redio kolu ya garini. Mtu akaja na karatasi. Dereva akashusha katoni kumi na moja, akarudi na lori tupu, anaimba. Jumatano wakashtuka.

Wa stoo ni Scolastica. Barua ilitoka kwa namba themanini na tatu, na kwenye karatasi aliyobandika Obadia ukutani imeandikwa kwa kalamu nyekundu: STOO – 83. Tena ndani ya boksi kuna orodha ya kila kinachotoka, na pale kwenye 10:09 ya Jumanne ipo mashine ya Scolastica, namba ishirini na moja, imetoka kwa themanini na tatu. Obadia mwenyewe ndiye aliyeichapa hiyo orodha akampelekea mkuu wa ofisi, Bwana Silvesta. Jumatano jioni Scolastica akalala mahabusu. Leo Ijumaa. Saa tisa mchana Landrova inampeleka Sumbawanga na faili lake, na likishafika mkoani si la Maduhu tena. Huko mtu anaweza kukaa rumande mpaka msimu mwingine wa mvua akisubiri tarehe.

Maduhu alikuwa na saa tano za kazi, na kichwa kilichojaa namba.

Akavuta kreti la soda akakaa, akamwambia Obadia amweleze upya, polepole, bila Kiingereza. Obadia akasema waliouza dishi waliwapa namba nne za nje, basi. Ofisi ina kompyuta kumi na mbili. Kila kompyuta ina namba yake ya ndani, lakini namba ya ndani haitoki nje, huko duniani hakuna anayeijua. Kwa hiyo boksi linasimama mlangoni. Barua ikija kutoka ndani, boksi linafuta namba ya ndani, linaandika moja ya zile nne, ndiyo inakwenda. Jibu likirudi, boksi linakumbuka ni la nani. Wengine wanaliita faiawoli, maana pia linazuia wasiohitajika. Dar walitaka kujua kila idara inatumia dishi kiasi gani, ndiyo maana akagawa: utawala watoke na themanini na mbili, stoo na themanini na tatu, waganga na nne, magari na tano. Hizo namba hazina mashine. Ni namba hewa.

"Kama wafanyakazi hewa," Maduhu akasema.

"Hao wanakula mshahara. Hizi zinafanya kazi."

Maduhu akafikiria kidogo. Yeye alisoma Tabora kwa kutumia sanduku la posta la parokia. S.L.P. moja, watu mia mbili: mapadri, wanakwaya, wanafunzi, mpaka muuza chumvi mmoja. Barua ikiandikwa S.L.P. ile huwezi kusema aliyeandika ni padri.

"Kwa hiyo themanini na tatu ni sanduku la posta," akasema. "Na Scolastica ni mmoja wa wanaolitumia."

"Ndiyo hiyo. Nimewaambia tangu juzi."

"Hukuwaambia. Juzi umewapa karatasi."

Obadia akaangalia miguu yake. Kweli hakuwaambia. Bwana Silvesta alimuuliza swali moja, 83 ni nani, akajibu ni stoo. Halafu akaambiwa atoke.

"Nani wengine wanatoka kwa themanini na tatu?"

Obadia akasema kwa sasa hakuna mwingine. Aliitengea stoo namba za ndani kuanzia ishirini na moja mpaka ishirini na tisa, akitegemea stoo itakua. Haikukua. Ipo mashine moja tu, ya Scolastica.

Hapo sanduku la posta la Maduhu likabaki na mtu mmoja. Akakunja uso, akaomba orodha ya Jumanne yote, siyo ule mstari mmoja uliokwenda kwa mkuu.

Ilichapwa kwa ile printa inayolia kama cherehani. Karatasi zikatoka zimeungana, ndefu kama kitambaa cha sanda. Maduhu akazitandaza kwenye vigae akaanza kusoma tangu juu, kidole kwenye kila mstari. Hakuwa mtu wa kompyuta, lakini alikuwa mtu wa kuhesabu ng'ombe. Kwao Usukuma alichunga mpaka darasa la saba, na mtu wa ng'ombe haangalii kundi, anaangalia aliyezidi na aliyepungua.

Mstari wa kwanza ulikuwa 02:03. Wa mwisho 10:58.

"Nani alikuwa humu saa nane usiku?"

Obadia akasema hakuna. Ofisi inafungwa.

"Hapa saa nane usiku mtu anatuma barua. Saa tisa anatuma. Saa kumi anatuma. Wamefanya kazi usiku kucha, ikifika saa tano asubuhi wameacha. Nyie mnalala saa ngapi?"

Obadia akachungulia. Alikuwa hajawahi kusoma safu ya saa, yeye anahesabu mistari ya kila idara anapeleka ripoti. Akasema labda kuna mtu anaingia usiku. Wakaangaliana. Mwenye funguo za geti usiku ni mmoja tu.

Mzee Apollinarie aliitwa kutoka getini. Mrundi wa makazi ya Katumba, amekuja nchini tangu mwaka sabini na mbili, koti la mvua hata jua likiwaka. Usiku mlinzi, asubuhi ndiye anayewasha jenereta na mitambo kabla wengine hawajafika, halafu anakaa na daftari la geti mpaka mwenzake aje. Maduhu alimuuliza kwa adabu lakini kwa kubana. Nani aliingia usiku wa Jumanne? Mzee akasema hakuna. Una hakika? Ana hakika. Hukusinzia? Akasema alisinzia kidogo, lakini jenereta lile likiwaka hata marehemu anaamka, na usiku halikuwaka. Halijawahi kuwaka usiku. Dizeli ni ya kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni.

"Bila jenereta boksi linawaka?" Maduhu akamuuliza Obadia.

"Haliwaki. Linakufa. Hata saa yake inakufa, betri ya ndani iliisha zamani. Likiwashwa linaanza na kuuliza saa."

"Linamuuliza nani?"

Obadia akamwangalia mzee.

Maduhu akainuka. Akamwomba Obadia alete kioo na kibodi ambavyo mzee huvifunga kila asubuhi akiliwasha, avifunge kwenye boksi. Halafu akamgeukia mzee akamwambia, baba, sisi tufanye kama hatupo. Hili boksi tunalizima. Wewe liwashe vile unavyoliwasha kila siku.

Obadia akasema ofisi nzima itakosa mawasiliano. Maduhu akasema iyakose.

Boksi likazimwa. Kwenye korido mtu akalalamika. Mzee Apollinarie akavua kofia, akaiweka juu ya bomba, akabonyeza kitufe, akangoja huku amefunga mikono mbele kama yuko kanisani. Maandishi yakapita, yakasimama. Swali likatokea. Mzee akavuta mkono wa koti. Saa yake ya mkono ilikuwa ya chuma, kioo kimepasuka, lakini alikuwa anaiweka sawa kila jioni kwa taarifa ya habari. Mshale mfupi ulikaribia kumi na moja, mrefu ulikuwa kwenye tisa. Saa tano kasorobo asubuhi.

Akaandika kwa kidole kimoja: 04:45. Akabonyeza. Akavaa kofia.

Obadia alishika kichwa kwa mikono yote miwili, akateremka ukutani taratibu mpaka akakaa chini kwenye vigae.

"Nimekosea?" mzee akauliza.

"Saa ngapi sasa hivi, baba?" Maduhu akamuuliza.

"Saa nne na dakika arobaini na tano."

"Hujakosea."

Maduhu akarudi kwenye karatasi zake. Sasa zilikuwa zinasomeka. Ile 02:03 ni saa mbili na dakika tatu asubuhi, mzee amewasha. Ile 10:58 ni saa kumi na dakika hamsini na nane jioni, mzee anakaribia kuzima. Na ile 10:09 iliyomweka Scolastica ndani ilikuwa saa kumi na dakika tisa jioni. Kila siku saa kumi jioni Scolastica anapeleka Dar hesabu ya stoo. Amepeleka kila siku, na Jumanne akapeleka. Saa ya Dar imewekwa kizungu, inasema 10:12 ni asubuhi. Saa ya boksi ni ya mzee, ya Kiswahili. Wakaziweka pamoja, zikapishana dakika tatu, wakasema dakika tatu si kitu.

Maduhu mwenyewe alisema dakika tatu si kitu. Aliandika kwenye faili.

Akapeleka kidole juu, kwenye mistari ambayo wote waliiona ni upuuzi wa usiku. 04:12. Dakika kwa dakika. Imetoka kwa themanini na tatu. Namba ya ndani: ishirini na saba.

"Ishirini na saba ni nani?"

"Hakuna ishirini na saba," Obadia akasema akiwa bado chini.

"Yupo. Huyu hapa."

Obadia akatambaa akaja kusoma. Akasema basi kuna mtu alibadilisha namba ya mashine yake, akajipa ishirini na saba ili boksi limtoe na namba ya stoo. Boksi halimjui mtu, linajua ukiwa kati ya ishirini na moja na ishirini na tisa wewe ni stoo, pita. Kubadilisha ni dakika moja, alishawafundisha wote kwenye semina, na baadaye mtu anairudisha namba yake ya zamani. Huwezi kujua ni nani.

"Kama kubadilisha pleti namba ya gari," Maduhu akasema.

"Hivyo hivyo."

"Gari mimi sitafuti kwa pleti. Natafuta kwa chesisi. Hizi hazina chesisi?"

Obadia akakaa sawa. Akasema zinayo. Kila kompyuta ina kadi ya mtandao, na kila kadi imetoka kiwandani na namba yake, haifanani na nyingine. Ndiyo safu ya mwisho kwenye orodha, hii ndefu yenye herufi, ambayo hakuna anayeisomaga. Alianza kuzisoma zote kwa sauti ya chini, anashuka na karatasi. Ishirini na saba, saa nne na dakika kumi na mbili. Akashuka tena. Mchana, saa saba, herufi zile zile, namba ya ndani arobaini na moja. Saa nane, arobaini na moja. Saa tisa, arobaini na moja.

"Arobaini na moja inatoka na themanini na tano," akasema. "Ni ofisi ya magari."

Mkuu wa magari aliitwa Shadrack Ngolo. Mtu safi, shati limepigwa pasi, kalamu tatu mfukoni, wafanyakazi wanampenda kwa sababu anawapa lifti. Alimpokea Maduhu kwa heshima, akamwita afande, akatoa kiti. Maduhu akakaa. Aliuliza kwanza kuhusu barabara, kama maji yameshashuka darajani. Yameshashuka. Halafu akauliza Jumanne saa nne asubuhi Shadrack alikuwa wapi.

Shadrack akasema alikuwa Ilembo. Aliondoka na Landkruza saa tatu kamili, tairi likapata pancha, akarudi mchana. Kuhusu chumba, kinafungwa, ufunguo ni mmoja, anao yeye. Alisema hivyo akijua ni jambo zuri kusema. Maduhu akamshukuru.

Akamwomba mzee Apollinarie alete daftari la geti. Daftari la shule lenye jalada la jedwali la kuzidisha. Bwana Silvesta alikuwa ameshalikataa tangu Jumatano. Scolastica alilia kwamba Jumanne asubuhi alikuwa Kasokola kupima magunia, na daftari linaonyesha hivyo: ametoka 3:30, amerudi 7:00. Bwana Silvesta akasema daftari la mlinzi haliwezi kubishana na kompyuta. Sasa Maduhu akaligeuza, akaweka kidole, akamsogezea Shadrack.

Landkruza. S. Ngolo. Imetoka 5:20.

"Huyu mzee amekosea saa," Shadrack akasema.

"Huyu mzee hajakosea saa hata siku moja. Tuliokosea ni sisi." Maduhu akaweka karatasi ndefu juu ya daftari. "Saa nne na dakika kumi na mbili ulikuwa humu, umejifungia. Mashine yako ilijiita ishirini na saba. Pleti umebadilisha, Ngolo. Chesisi umeiacha. Wewe, mtu wa magari."

Shadrack alisoma karatasi kwa muda mrefu kuliko maneno yaliyokuwepo. Nje mtu alikuwa anapuliza ringi ya baiskeli kwa pampu, inasikika inapumua. Shadrack akachomoa kalamu moja mfukoni, akaiweka mezani, halafu ya pili, halafu ya tatu, zimenyooka.

"Ziko Ilembo," akasema. "Kwa shemeji yangu, ndiye aliyekwenda na karatasi. Katoni zote kumi na moja, hazijafunguliwa."

"Scolastica amekukosea nini?"

"Hajanikosea. Stoo ilikuwa na namba tupu nyingi." Akainua mabega. "Nilijua watahangaika na fundi. Sikujua watamchukua yeye."

"Siku tatu umejua."

Shadrack aliomba kufunga chumba chake. Maduhu akanyoosha mkono akachukua ufunguo, akakifunga yeye.

Kazi iliyobaki ilikuwa ya miguu. Maduhu akampeleka Shadrack kituoni, akatuma askari wawili Ilembo, akaandika maelezo mapya mkono ukimuuma. Mkuu wa kituo aliyasoma mara mbili, akauliza kama ni kweli kwamba mtu anaweza kuwekwa ndani kwa sababu ya saa. Maduhu akasema ni kweli, na kwamba saini ya kumkamata Scolastica ni yake mwenyewe. Kwenye Landrova dereva alikuwa ameshapakia dumu la maji la safari. Saa nane mchana Scolastica akafunguliwa, akapewa viatu vyake na kitambaa cha kichwa. Alisema anataka baiskeli yake, aliiacha ofisini Jumatano.

Wakaenda kwa miguu, yeye mbele, Maduhu nyuma hatua mbili. Njiani Maduhu alimweleza yote, na alipofika kwenye zile dakika tatu akasema mimi ndiye niliyeandika si kitu. Scolastica alitembea kidogo. Akasema alishajua, Maduhu mwenyewe ndiye aliyemsomea faili.

Getini walikuwa wanangojwa. Bwana Silvesta ameshika bunda la funguo za stoo. Obadia amejificha nusu nyuma ya mlango. Baiskeli ilikuwa kibarazani, imefunikwa gunia isipate vumbi, na aliyeifunika, mzee Apollinarie, alikuwa amesimama kando yake, kofia mkononi. Ameshaambiwa kwamba ni ile saa aliyoiandika yeye. Saa ilikuwa imetoka mkononi, imo mfukoni mwa koti.

Bwana Silvesta alizungumza vizuri, ni mtu wa mikutano. Alisema shirika limesikitika, apumzike, Jumatatu saa mbili arudi kazini, funguo hizi hapa. Kuhusu mlinzi, akasema, kosa lake limeonekana, litashughulikiwa.

Scolastica aliupita mkono ule wenye funguo kama mtu anavyopita mti. Akaenda mpaka kwenye baiskeli, akavua gunia, akalikunja mara mbili, akampa mzee.

"Baba," akasema, "saa ngapi?"

Mzee alimwangalia mkuu, akamwangalia Maduhu. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa ile saa, akaishika kwa viganja viwili.

"Saa nane," akasema polepole. "Saa nane na nusu, mwanangu."

Scolastica akageuka kumwangalia Bwana Silvesta kwa mara ya kwanza.

"Hiyo ndiyo saa," akasema.

Akageuza baiskeli, akashika barabara ya Makanyagio.